Kinundu si kifundo

Ng'oa mharagwe kwenye miteremko ya Elgon, juu ya Mbale, au soya upande wa Jinja, mmea unapotoa maua. Mizizini utaona vipunje vya duara. Hivyo ni vinundu: nundu ya ng'ombe hukaa mgongoni, hii ndogo imekaa ubavuni mwa mzizi. Ndani yake wanaishi bakteria waitwao rizobia. Wanachukua nitrojeni ya hewani na kuulisha mmea, nao mmea huwalipa sukari. Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga mwaka 1888. Wapo wanaowaita vijidudu. Neno hilo linanuka hospitali, na mkulima akilisikia atakimbilia bomba la dawa.

Kifundo ni kitu kingine kabisa. Ni uvimbe wa mzizi wenyewe, kazi ya minyoo fundo. Kinundu hubanduka kwa ukucha, kifundo hakibanduki. Kipasue kinundu: kikiwa na wekundu ndani, kinafanya kazi, kikiwa cheupe au kijani, hakina faida kwa mmea.

Wahariri wa kurasa za kilimo, tafadhali msiyachanganye maneno haya mawili.