Ruzuku ya kuni iliyoangusha serikali ya Belfast

Januari 9, 2017, Martin McGuinness alijiuzulu unaibu waziri kiongozi wa Ireland ya Kaskazini. Kwa mujibu wa makubaliano ya amani, Waziri Kiongozi na naibu wake hawawezi kubaki madarakani mmoja bila mwenzake, hivyo serikali nzima ilianguka. Stormont, makao ya serikali hiyo, ikakaa karibu miaka mitatu bila mawaziri. Tarehe hiyo inapofika, ni haki kuuliza ilikuwaje ruzuku ya kuni ikafika huko.

Jibu limo katika ripoti ya tume ya uchunguzi ya Jaji mstaafu Patrick Coghlin, iliyotolewa Machi 2020.

Mpango huo wa ruzuku ulizinduliwa Novemba 2012, Arlene Foster akiwa waziri wa biashara. Lengo lilikuwa jema: wafugaji wa kuku, viwanda na hoteli waachane na mafuta, wafunge boila za tembe za mbao, nao walipwe na serikali kwa miaka 20 kulingana na joto watakalozalisha. Britania Kuu ilitangulia na mpango kama huo, ila wao walishusha malipo pale boila ilipozidisha saa za kazi. Belfast walinakili kanuni, kifungu hicho wakakiacha. Matokeo yake, pauni moja ya tembe iliweza kurudisha takriban pauni 1.60.

Mmoja wa watu wa mwanzo kuliona shimo hilo alikuwa mwanamke mfanyabiashara aliyeuza vifaa vya kupunguza matumizi ya nishati. Wateja walimkataa, kwani kuokoa joto kungewapunguzia kipato. Alisikia majengo yakipashwa joto huku madirisha yako wazi. Mwaka 2013 alimwandikia waziri, kisha akakutana na maofisa wa wizara. Kwa maelezo yake, hawakuamini kuwa watu wangefanya hivyo. Hakukata tamaa, aliwaandikia tena, lakini mpango uliendelea.

Maofisa wengi walidhani London ingelipa gharama zote, wakati fungu la Belfast lilikuwa na kikomo. Habari za kupunguzwa malipo zilipovuja mwaka 2015, maombi zaidi ya 900 yalimiminika ndani ya majuma machache. Mpango ulifungwa kwa waombaji wapya Februari 2016, makadirio yakionyesha ziada ya karibu pauni milioni 490 kwa miaka 20.

Desemba mwaka huo ugomvi ulihamia kwenye televisheni. Jonathan Bell, aliyemrithi Foster wizarani, aliomba dua mbele ya kamera, kisha akawashutumu washauri wa chama chake mwenyewe kwa kuchelewesha marekebisho. McGuinness alimtaka Foster, wakati huo Waziri Kiongozi, akae pembeni. Alikataa.

Mbele ya tume, Foster alikiri kwamba hakuzisoma kanuni alizozipeleka bungeni. Baadhi ya mikutano muhimu haikuwa na kumbukumbu zozote. Coghlin hakusema rushwa ndiyo chanzo; alisema ni makosa yaliyolimbikizana, na kwamba mpango haukupaswa kupitishwa kabisa.

Baadaye malipo yalipunguzwa, na wakulima waliokopa benki kwa nia njema waliumia pamoja na wajanja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa habari zilikuwepo, zililetwa hadi mlangoni, zikapuuzwa. Serikali yoyote inayotoa ruzuku ya nishati iandike kikomo ndani ya sheria, na imsikilize raia wa kwanza anayesema fedha zinaungua.