Kenya: Mawingu yanavyopunguza joto la mchana na kuzuia baridi ya usiku

Wakazi wa Nairobi huutambua mwezi wa Julai kwa anga la kijivu na baridi ya kutwa. Hata hivyo sakitu, yaani umande ulioganda, huunguza majani ya chai Kericho na Nandi hasa Januari na Februari, miezi ya jua kali. Mambo haya mawili yanaonekana kupingana, lakini yote yanahusu mawingu: Julai yametanda, Januari yametoweka.

Mchana, mawingu mazito ya chini huakisi sehemu kubwa ya mionzi ya jua kabla haijafika ardhini. Usiku, ardhi hupoteza joto kwa kutoa mionzi isiyoonekana kwa macho. Mawingu huinyonya mionzi hiyo na kurudisha sehemu yake chini, mfano wa blanketi. Kwa hiyo siku ya mawingu huwa na tofauti ndogo kati ya joto la mchana na la usiku.

Kuanzia Juni hadi Agosti, pepo za kusi huleta hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Hewa hiyo hupanda miteremko ya mashariki ya nyanda za juu, ikapoa na kufanya mawingu yanayoweza kudumu siku nzima. Joto la juu la mchana jijini Nairobi, ambalo Februari hukaribia wastani wa nyuzi 28 za Selsiasi, hushuka Julai hadi takriban nyuzi 22. Joto la usiku hupungua kwa kiasi kidogo zaidi.

Msimu wa kaskazi huleta hewa kavu na anga jeupe. Usiku joto hutoroka bila kizuizi, na upepo ukitulia, hewa baridi, iliyo nzito, hutiririka na kutuama mabondeni. Majani yaweza kuganda hata kama kipimajoto kilichowekwa juu ya ardhi kinaonyesha zaidi ya sifuri.

Ndivyo ilivyokuwa Januari 2012, sakitu ilipoharibu mashamba ya chai magharibi mwa Bonde la Ufa. Kwa mchumaji anayelipwa kwa kilo, jani lililoungua ni ujira uliopotea.

Kwa wakulima wa nyanda za juu, dalili ya hatari si ubaridi wa mchana, bali jioni yenye anga jeupe, hewa kavu na upepo uliotulia. Jioni kama hiyo, miche michanga yafaa ifunikwe.