Sigara za kielektroniki: sheria yetu inasema nini, na kwa nini majirani wanabishana

Inafanana na kalamu nene au flashi ya kompyuta. Haitoi jivu, na harufu yake ni ya embe, nanasi au pipi. Mzazi wa Michenga anaweza kuikuta kwenye begi la mwanawe akadhani ni kifaa cha simu. Ni sigara ya kielektroniki, ambayo vijana wengi huiita vepu.

Ndani yake kuna betri, waya mdogo unaopata moto, na kimiminika. Mtu akivuta, waya huchemsha kimiminika hicho kikawa mvuke. Kimiminika ni mchanganyiko wa gliserini na kemikali nyingine, ladha, na mara nyingi nikotini, ileile inayomfanya mvuta sigara au mtumiaji wa ugoro ashindwe kuacha. Ukiona boksi limeandikwa nikotini 5%, maana yake kila mililita moja ina takriban miligramu 50. Anayevuta sigara moja ya kawaida huingiza mwilini kama miligramu 1 hadi 2. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kikomo cha miligramu 20 kwa kila mililita.

Sheria iliyozaliwa mwaka mmoja na kifaa

Tanzania ina Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003. Inakataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18 na inaweka masharti ya kuvuta hadharani. Tangu mwaka 2021 inasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Mwaka huohuo wa 2003 ndipo mfamasia wa China, Hon Lik, alipobuni sigara ya kielektroniki tunayoijua leo. Kwa hiyo waliotunga sheria yetu hawakuwa na kifaa hiki akilini, na sheria haikitaji.

Hapo ndipo ubishi unapoanzia: kitu kisicho na jani la tumbaku ndani yake ni bidhaa ya tumbaku au siyo? Laweza kuonekana swali la mawakili, lakini ndilo linaloamua kama mwenye duka aliyemuuzia mtoto wa miaka 14 amevunja sheria. Wengine husema nikotini nyingi hutolewa kwenye tumbaku, basi ni ileile. Lakini siku hizi ipo pia nikotini inayotengenezwa maabara bila jani hata moja. Marekani ililazimika kubadili sheria mwaka 2022 ili nikotini ya namna hiyo nayo idhibitiwe.

Uganda ilikata shauri mapema. Sheria yake ya mwaka 2015, iliyoanza kama muswada binafsi wa mbunge Dkt. Chris Baryomunsi, ilipiga marufuku sigara za kielektroniki pamoja na shisha. Ilianza kutumika Mei 2016. Kampuni ya sigara ya BAT Uganda iliipinga sheria hiyo mahakamani, na mwaka 2019 Mahakama ya Katiba ikatupilia mbali shauri hilo.

Kenya imepita njia ndefu zaidi. Mwaka 2019 vilisajiliwa vifuko vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo, vilivyoitwa Lyft, kwa kutumia sheria ya dawa badala ya sheria ya tumbaku. Oktoba 2020 Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema usajili huo haukuwa halali. Baadaye Seneta Catherine Mumma aliwasilisha Muswada wa mwaka 2024 wa kurekebisha sheria ya tumbaku ili iguse sigara za kielektroniki, vifuko hivyo na ladha zake. Watetezi wa afya waliuunga mkono. Wafanyabiashara, na baadhi ya watu wanaosema wameacha sigara kwa kutumia vepu, waliupinga.

Hoja yao isipuuzwe. Sigara ya kawaida huunguza jani, na kuunguza huko ndiko kunakoleta lami na hewa ya sumu inayoua wavutaji. Vepu haiunguzi jani. Uingereza huwashauri wavutaji watu wazima wahamie huko. Ila Uingereza hiyohiyo, tarehe 1 Juni 2025, ilipiga marufuku uuzaji wa vepu za kutumia na kutupa, kwa sababu ya watoto na takataka. Tena mvutaji wa kule ana huduma za kumsaidia kuacha na bidhaa zilizopimwa ubora. Vepu iliyofika dukani kijijini ikiwa imepitia mikono mitano haina uhakika huo. Ndiyo maana kuinakili hoja ya Uingereza na kuileta Ifakara kama ilivyo kunatupa shaka.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilisema Desemba 2023 kwamba nchi 88 hazikuwa na umri wa chini wa kununua bidhaa hizi, na nchi 74 hazikuwa na kanuni yoyote. Linataka hatua kali, ladha zikiwemo.

Wanaohofia marufuku kamili hutukumbusha shisha. Serikali ilitangaza kuipiga marufuku mwaka 2016, na tangu hapo imebidi kurudi kwenye operesheni za kukamata. Kitu kidogo kinachoingia mfukoni ni kigumu zaidi kukizuia mpakani kuliko bomba la shisha. Kwa maoni yetu, kazi ya kwanza ni nyepesi kuliko marufuku: sheria ikitaje kifaa kwa jina, na umri wa miaka 18 uandikwe wazi, ili mtendaji wa kijiji naye ajue la kumwambia mwenye duka.

Wakati ubishi unaendelea, jambo moja halisubiri Bunge. Kimiminika chenye nikotini ni sumu kikinywewa, na harufu ya matunda humvuta mtoto mdogo. Mtoto akikinywa, usimtapishe. Mkimbize kituo cha afya kilicho karibu, na uende na chupa au kifaa chenyewe ili mganga asome kilichomo. Kikimmwagikia kwenye ngozi, mvue nguo iliyolowa na umwoshe kwa maji mengi.