Radi na uvuvi wa usiku katika ziwa Kivu

Ukisimama jioni kwenye mwambao wa Bukavu, Kalehe ao Idjwi, unaona taa za wavuvi zinawaka ziwani kama mji mwingine. Mgeni anasema: uzuri gani huu! Lakini bibi ya mvuvi haangalii taa. Anaangalia mawingu.

Wengi wetu tunafikiri kwamba uvuvi huu wa usiku ni desturi ya wababu. Hapana, si ya zamani hivyo. Wababu walivua karibu na kando, kwa ndoana na mitego, samaki wanaokaa kwenye mawe na majani. Katikati ya ziwa, penye kilindi kinachofika karibu mita 485, hapakuwa na samaki wa kufuata. Ni kati ya 1958 na 1960 ndipo Wabeleji walileta samaki wadogo kutoka ziwa Tanganyika na kuwatia katika Kivu. Wale wadogo njo sambaza tunaokula leo. Walizaana, wakaenea ziwa lote, na kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 uvuvi wao ukakua kweli.

Sambaza ndiye aliyemtoa mvuvi kando na kumpeleka kilindini. Akaja pia na chombo kipya: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, na miti mirefu inayotokeza mbele na nyuma ili kushika wavu. Sisi tunakiita ekipe. Taa zinawekwa juu ya maji, sambaza wanafuata mwanga, kisha wavu unavutwa juu. Kwanza zilikuwa taa za petroli za kupompa, leo nyingi ni za betri.

Hapa tuelewe hatari inatoka wapi. Taa haina nguvu wakati mwezi ni mkubwa, kwa hiyo ekipe inatoka usiku wa giza. Wahenga wanasema: dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, lakini aliyekaa usiku kucha chini ya taa kali hayaoni mawingu. Macho yake yamezoea mwanga. Nje ya duara la taa yake dunia yote ni nyeusi. Anashtuka tu upepo unapofika.

Tena mahali petu si pa kawaida. Katika 2016 wataalamu walitoa hesabu ya mimuliko ya radi iliyoonwa na satelaiti kwa miaka 16, kutoka 1998 mpaka 2013. Wa kwanza duniani ni ziwa Maracaibo la Venezuela, mimuliko kama 233 kwa kila kilomita mraba kwa mwaka. Wa pili ni Kabare yetu, chini ya mlima Kahuzi, kama 205. Afrika nzima hakuna panapoipita. Mchana mawingu yanajengeka juu ya milima. Usiku inchi kavu inapoa upesi, lakini maji ya maziwa makubwa yanabaki na joto; upepo unashuka kutoka pande zote mbili, unakutana juu ya maji na kusukuma hewa juu. Kwa hiyo wingu la radi linaweza kuzaliwa juu ya ziwa lenyewe, saa ileile wavuvi wako kazini. Na juu ya maji yaliyo sawa kama meza, kilicho kirefu kuliko vyote ni miti ya ekipe na mtu aliyesimama.

Wababu waliijua radi na kuiheshimu. Wanyanga wa Walikale, katika masimulizi ya Mwindo, wanamtaja Nkuba, bwana wa radi. Mwindo anamwomba msaada, na Nkuba anapiga kijiji cha Tubondo mara saba. Baadaye Mwindo anaua Kirimu, ambaye ni rafiki ya Nkuba. Nkuba hamwachi, hata kama ni shujaa: anampandisha mbinguni, anateswa na baridi na mvua, kisha anarudi na amri ya kuheshimu viumbe. Masimulizi hayo yaliandikwa katika 1956 kutoka kinywa cha She-Karisi Rureke, na kutolewa kama kitabu katika 1969. Tuangalie vizuri: Nkuba anapiga wazi, kwa sababu inayojulikana, na anayeadhibiwa anapewa funzo. Sio kitu cha kununua kwa siri ili kumuua jirani.

Lakini leo radi ikipiga ekipe, mmoja akafa na wengine wakapona, swali la kwanza kwenye kilio ni hili: juu ya nini yeye tu? Wanaitika: ni radi ya kutumwa. Wanatafuta mwenye wivu, na mara nyingi wanamkuta mama mzee asiye na mtetezi. Katika Kivu wazee wamepigwa, wamefukuzwa, hata wamechomwa moto kwa masingizio ya uchawi. Kwa radi moja tunazika wafu wawili. Jibu la swali lilikuwa kwenye mtumbwi: yeye ndiye alikuwa amesimama, ao ameshika mti uliolowa maji.

Nani basi atatunza desturi ya kujilinda? Uvuvi huu ni mpya, na kanuni za kando ya ziwa hazitoshi kilindini. Ni sisi tunaopaswa kuzianzisha. Mbingu ikimulika kabla ya kutoka, ekipe ibaki. Chombo cha makasia hakiwezi kukimbiza wingu. Mkiwa ziwani, hesabuni kutoka mwanga mpaka mngurumo: sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ikiwa chini ya 30, vuteni wavu, mwende kando ya karibu. Mvua ikiwakuta katikati, kaeni chini ndani ya mtumbwi, mbali na miti na kamba zilizolowa, mikono isiguse maji. Hiyo inapunguza hatari, haiiondoi. Kisha ngojeni dakika 30 baada ya mngurumo wa mwisho. Aliyepigwa hana umeme mwilini: mguseni bila woga, na kama hapumui, mkandamizeni kifua mara nyingi na kwa nguvu, bila kukawia. Wengi wanaoonekana wamekufa wanaweza kurudi.

Najua mwenye ekipe atasema kwamba usiku bila kuvua ni usiku bila chakula, na siku za mwezi mkubwa zimekwisha kumla. Ni kweli. Lakini sambaza watakuwako kesho. Na yule mama mzee mwenye nyumba yake peke yake, naye tumwache alale salama.