Kipande na Uhuru wa Kazi

Sheria haishikiki mkononi kama jembe, lakini huweza kumtuma mtu, kumzuia, na kumkadiria thamani ya jasho lake. Atakaye kujua historia ya kazi katika Kenya asitazame mashamba peke yake. Na atazame pia karatasi zilizoandikwa kwa ajili ya mashamba hayo.

Kutoka Bungoma hadi Kitale hapafiki kilomita 100. Hata hivyo, zamani za ukoloni njia hiyo ilikuwa ndefu kwa sababu ya sheria. Bungoma ilikuwamo katika wilaya ya Kavirondo Kaskazini, sehemu iliyotengewa Waafrika. Kitale ulikuwa mji wa Trans Nzoia, nchi ya mashamba ya walowezi wa Kizungu. Baadhi yao walipewa ardhi kwa mpango wa 1919 wa kuwatuza askari waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza. Walipanda mahindi, na reli ilipofika Kitale mwaka 1926 mahindi yakapata njia ya kwendea sokoni. Ardhi walikuwa nayo. Walichokosa ni mikono ya kuilima.

Mikono hiyo ilitafutwa kwa kodi na kwa sheria. Kodi ilidai fedha, na fedha aghalabu zilipatikana kwa kibarua. Kisha ikaja sheria ya kuandikisha Waafrika, iliyotungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa vita vilipokwisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimishwa kuchukua kipande. Ndani yake ziliandikwa habari zake, alama za vidole vyake, majina ya waajiri wake, mshahara wake, na siku alizoanza na kuacha kazi. Wengi walikitia katika kikopo cha bati na kukivaa shingoni, hata baadhi ya watu wakakifananisha na kengele ya mbuzi.

Sasa fikiri, msomaji, juu ya kijana aliyetoka Bungoma kwenda kulima Kitale. Akiona mshahara ni mdogo au bwana ni mkali, hakuweza kuondoka vivi hivi. Ilimpasa kwanza mwajiri atie sahihi kwamba amemwachia. Bila sahihi hiyo, mwajiri mwingine hakuruhusiwa kumwandika. Naye akitoroka, alikuwa mhalifu wa kukamatwa. Hata alipoachiwa kwa heri, mshahara wake wa zamani ulikuwa umekwisha andikwa, na bwana mpya aliusoma kabla ya kusema atatoa kiasi gani. Hivyo karatasi moja ilimfunga miguu mfanyakazi na kumfunga mdomo pia.

Watu hawakunyamaza. Harry Thuku alipinga kipande waziwazi, akakamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kudai afunguliwe wakapigwa risasi. Miaka ikapita, hata mwaka 1947 ikatungwa sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote, na kipande kikaondolewa.

Je, karatasi imetoweka katika kazi? La. Imegeuka upande. Sheria ya Ajira ya 2007 inaagiza kwamba mkataba wa kazi ya miezi 3 au zaidi uandikwe. Mfanyakazi asiyejua kusoma ni lazima aelezwe mkataba huo kwa lugha anayoifahamu. Ikizuka kesi, na mwajiri asiweze kuuonyesha mkataba, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi ni wake. Tena mfanyakazi aliyemaliza majuma 4 mfululizo hana budi kupewa cheti cha utumishi aondokapo. Cheti hicho hutaja kazi aliyoifanya na muda wake. Katika mambo yaliyotajwa na sheria hiyo, mshahara haumo. Nayo sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011 humkataza mwajiri kumwandika mgeni asiye na kibali. Lakini mwananchi wa Bungoma haombi ruhusa ya mtu ili aache shamba moja la Kitale na kwenda jingine.

Tofauti ya kipande na cheti, basi, si wino wala karatasi. Cha kwanza kilimlinda mwajiri asikimbiwe. Cha pili humlinda mfanyakazi asidhulumiwe. Lakini cheti kisichodaiwa hakimkingi mtu. Ninyi mtakaoajiriwa kesho, na ninyi mtakaoajiri, someni kabla ya kutia sahihi. Kwa maana wazee wetu walivaa shingoni maandishi ambayo wengi wao hawakuweza kuyasoma.