Googlewhack

Googlewhack ni mchezo wa kusaka maneno mawili ambayo, yakitafutwa pamoja katika Google, huleta ukurasa mmoja tu. Jina lake lilibuniwa na Mmarekani Gary Stock mwaka 2002, na mchekeshaji Mwingereza Dave Gorman akaueneza kwa onyesho na kitabu.

Kanuni. Maneno yote mawili yawe ya kamusi, yasifungwe kwa alama za kunukuu, na ukurasa usiwe orodha tupu ya maneno. Jozi ikichapishwa mtandaoni hupoteza upekee wake, kwa kuwa kurasa huwa mbili.

Katika Kiswahili. Kitenzi kimoja hubeba nafsi, wakati, yambwa na kauli. Hivyo kanuni ya kamusi haitoshi hapa: *wasingalitupikishia* ni neno sahihi hata lisipopatikana popote.

Eldoret. Maneno mengi huzaliwa mdomoni kwanza. Mfano ni mji wa Eldoret nchini Kenya, ambao Wakalenjin huuita Sisibo, matamshi yao ya namba 64 kwa Kiingereza, kutokana na shamba namba 64 ambako posta ilifunguliwa mwaka 1910. Jina hilo lilitamkwa sokoni miongo mingi kabla ya intaneti. Msemo usioonekana mtandaoni huenda unaishi vinywani mwa watu.