Linksi si mnyororo

Ukisikia gofu ya linksi, usidhani ni mashimo 18 yaliyoungana kama pingili za mnyororo. Asili ya jina hilo ni neno la Kiingereza cha kale, hlinc, yaani mwinuko. Waskoti wakaliita hivyo eneo la matuta ya mchanga na nyasi kati ya bahari na mashamba, lisilofaa kulimwa. Uwanja wa linksi wa Old Course huko St Andrews, Uskoti, ni wa umma, lakini hauna huruma: una mashimo ya mchanga 112. Katika moja, liitwalo Jehanamu, mwaka 1995 mchezaji gofu Jack Nicklaus alipiga mara 4 ndipo mpira ukatoka. Jina la Kiswahili ninalopendekeza kwa gofu ya linksi ni “gofu ya matuta ya pwani”. Mwenye bora zaidi na alilete.